Kidirisha cha Mshahara

Nimepewa brashi ya waya, ndoo ya maji,
na ukuta wote wa magharibi.
Injinia Mwadi amenionyesha kwa kidole:
masizi yatoke, mhuri wa mfyatua matofali ubaki.
Tunauza uzee, akasema,
lakini uzee uliooga.

Hapa palikuwa kiwanda cha mablanketi.
Nusu ya Katuba ililala chini ya mistari yake myekundu,
na baridi ya Juni ilibisha hodi, ikachoka, ikaenda zake.
Baba alikuwa 4417.
Jina lake, Kalumba, lilitajwa humu ndani
mara moja tu, siku ya kuchangia jeneza.

Sasa Lubumbashi ya katikati
hufumba macho saa kumi na mbili jioni.
Wanabaki walinzi, mbwa,
na mbadilisha fedha kwenye kiti cha plastiki,
franka zake zimepangwa kama matofali
ya nyumba isiyojengwa.

Kwenye meza ya injinia kuna kiwanda cha karatasi,
kinatosha kwenye sinia la bukari.
Watu weupe wa plastiki, warefu kama njiti,
wamekaa chini ya miti ya sifongo.
Nilimtafuta mwenye brashi.
Hayumo.

King'ora kimeliwa na kutu. Wanataka kipya,
kilie saa sita mchana, wageni wapige picha.
Wazee wakaitwa: kililia vipi?
Mzee Nkulu wa zamu ya usiku akavuta pumzi,
akatoa mlio mzito, wa chini, kama ng'ombe mgonjwa.
Chola akakataa. Kilianzia juu, akasema,
halafu kikashuka polepole
kama mtu aliyekumbuka deni.
Mjane wa Mutonkole hakutoa sauti.
Mimi nilikisikia kwa maziwa, akasema.
Kikilia tu, blauzi inalowana,
mtoto yuko getini na bibi yake.
Simu ya injinia ikarekodi yote,
hata kimya kilichofuata.

Kidirisha cha mshahara kitauza kahawa.
Kipo chini, kilikatwa hivyo makusudi
ili kila anayepokea ainame.
Jana walifanya majaribio. Kijana mwenye aproni mpya,
mashine inapumua nyuma yake,
na Mama Feza akawa wa kwanza kwenye foleni,
mkoba kifuani, kadi yake ya kazi mkononi.
Aliinama bila kuambiwa. Mgongo ulijua.
Kabla ya kahawa, mwanangu,
miezi kumi na saba.
Kijana akatazama bei ukutani
kana kwamba jibu limeandikwa huko.

Sisemi wasijenge.
Binti yangu Ngosa ameandikishwa kushona mapazia
katika ukumbi uleule
ambamo pamba ilimla babu yake mapafu.
Nataka taa ziwake. Nataka barabara hii
isikie viatu vya watu usiku,
viatu visivyokimbia.
Na mimi mwenyewe nalipwa kila Jumamosi,
sina haja ya kuinama, inakuja kwenye simu.

Lakini leo, kando ya kidirisha,
chini ya masizi,
brashi imefichua mikwaruzo ya msumari.
Vijiti vitano, vitano, vitano,
halafu vinne.
Nimehesabu kwa kidole. Nimehesabu tena.
Mama Feza anadai kumi na saba,
ukuta unasema kumi na tisa.

Masizi yatoke, mhuri ubaki.
Juu ya msumari hakuna aliyeniagiza neno.
Maji ya ndoo yamekuwa meusi,
injinia yuko darini na wapima vioo,
na mimi nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua,
nje ya saa ya mapumziko,
nikingoja kitu fulani kilie.